Nilivyomtengenezea mama mkwe bunduki ya upepo ya kufukuzia ngedere, ikaniaibisha Myamba

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mwenyewe. Shemeji yangu yumo humu jukwaani, nikiongeza chumvi atakuja kuniumbua.

Mimi ni fundi pancha hapa Same mjini. Nimeoa Myamba, kule juu milimani. Mama mkwe wangu ni mjane, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Miaka sita ya ndoa sijawahi kumwona akicheka mbele yangu. Namwamkia "shikamoo mama", anaitika "marahaba baba Neema", maongezi yameisha.

Msimu uliopita ngedere walimwandama. Mahindi yameanza kukomaa, wao wanaingia asubuhi na jioni kama wana mkataba.

Mama akawa anashinda shambani anagonga sufuria. Wakamzoea, wanakula huku wanamtazama. Siku moja akaamua kuwakimbiza, akateleza kwenye tuta, kifundo cha mguu kikavimba kama embe.

Mke wangu akanigeukia.

"Si unajiita fundi? Yale ndiyo mahindi yake ya mwaka mzima."

Wenye ndoa mnajua. Hapo huna pa kutokea.

Nikaingia mtandaoni, nikakutana na watu wanatengeneza bunduki za upepo. Unajaza upepo kwenye bomba nene, unaufungua ghafla, unasukuma kitu kupitia bomba jembamba. Nikasema upepo ndiyo kazi yangu, nitashindwaje?

Risasi nikachagua mapera mabichi. Lengo kutisha, siyo kuua.

(Vipimo siweki humu. Msije PM.)

Ya kwanza ilivuja kila mahali. Nikapaka povu la sabuni kama ninavyotafuta pancha, mapovu yakatoka sehemu tatu. Nikaziba.

Ya pili haikuvuja, ila koki ilifunguka polepole. Pera likatoka kwa adabu zote, kama mgeni anayeaga, likadondoka kwenye kiatu changu.

Siku mbili nahangaika na koki. Nikabadilisha, nikakata washa, kile kipete cha kuzibia koki, kutoka kwenye mpira wa tyubu ya lori.

Ya tatu: PAAA!

Pera likavuka uzio, likatua kwenye bati la jirani anayekaanga mihogo. Akatoka na mwiko mkononi.

"Nani anarusha mawe huku?"

Nikamwambia labda ni kunguru. Mungu anisamehe.

Jumamosi shemeji yangu Eliamini akashuka na pikipiki kunichukua. Tukaifunga bunduki kwenye khanga ya mke wangu. Kila aliyeuliza tulimwambia ni bomba la maji.

Mnaoijua ile barabara ya kupanda, mawe yake hayana huruma. Kila kitu kilitikisika, meno yangu yakiwemo.

Saa kumi tukafika. Mama mkwe amekaa kwenye kistuli pembeni ya shamba, mguu umefungwa kitambaa. Kando yake wapo wanawake watatu wa kanisani waliokuja kumpa pole. Ngedere kama kumi na tano wako kazini.

Nikasalimia, nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, jasho linanitoka. Nikaweka pera, nikainama kulenga.

"Mama, zibeni masikio."

Nikafungua koki.

Wakuu.

Haikusema paaa. Ilisema PRUUUUUUUUUU-u-u-UIP. Mlio mnene, mrefu, wenye majimaji, halafu mwishoni ukapanda juu kama unauliza swali.

Ndiyo. Hicho hicho unachofikiria. Na mimi nimeinama. Mbele ya mama mkwe.

Wale wanawake watatu wakaangalia chini. Eliamini akageukia mlimani, mabega yanatikisika.

"Ni mashine," nikasema.

Mwanamke mmoja akaanza kuchambua nyasi kwenye khanga yake.

"Mama, kweli, ni mashine."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma. "Pole, baba Neema. Ni uchovu wa safari."

Nilitamani ngedere wanichukue, nikaishi nao.

Nikaifungua pale pale. Kumbe washa ilihama kwa mtikisiko wa njiani. Nikaomba sabuni, nikakagua, nikairudisha sawasawa. Wakati huo shamba lilikuwa tupu, ila mimi hata sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa natetea heshima.

Ngedere walipojitokeza tena, nikafyatua. PAAA! Safi kabisa. Nikamgeukia mama mkwe ili ahakikishe kwamba ile ya kwanza ilikuwa mashine.

Pera likapita juu ya ngedere, likaanguka. Dume kubwa likaruka kidogo, likalifuata, likalinusa, likaling'ata.

Nikafyatua lingine. Walikuwa wawili wanalisubiri.

Kufika la tano, wameacha mahindi, wamekaa mstari ukingoni mwa shamba, wananiangalia mimi.

"Shem," Eliamini akasema, "umewafungulia mgahawa."

Ndipo mama mkwe akafungua mdomo.

"Baba Neema, ule mlio wa kwanza ndio uliowakimbiza."

"Unasemaje mama?"

"Walikimbia wote. Ninyi mlikuwa mnaona aibu, mimi nilikuwa naangalia mahindi yangu. Irudishe ilivyokuwa."

Miaka kumi na moja ya ufundi, sijawahi kuombwa niharibu kitu. Na kuharibu, wakuu, ni kazi ngumu kuliko kutengeneza!

Nikalegeza kidogo, ikatoa *ssss* kama taa ya karabai. Ngedere hata hawakugeuka. Nikalegeza sana, ikatoa *bwa*.

"Hapana," mama mkwe akasema. "Ile ilikuwa ndefu."

Mmoja wa wale wanawake akasema taratibu, "Na mwishoni ilipanda."

Mwenzake akataka kunisaidia. Akakunja midomo, akauiga ule mlio.

Mama mkwe akacheka. Akacheka mpaka akashika mguu wake mbovu kwa maumivu, machozi yanamtoka, anajifuta na khanga. Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijui kwamba ana pengo.

Mwishowe nikachanja mpira wa washa kwa wembe, pembeni kidogo.

PRUUUUUUU-u-UIP.

Ngedere waliondoka kama wameitwa kwao kuna msiba. Mmoja aliacha hindi ameshaling'ata.

Bomba la kurushia nikaling'oa kabisa, kikabaki chombo cha kelele tu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja baadaye, amesikia kuna silaha. Mama mkwe akamfungulia koki. Aliaga haraka sana.

Mavuno yakielekea mwisho ngedere walianza kuuzoea ule mlio, lakini mahindi yalikuwa yameshaingia ndani. Siku hizi nikimwamkia mama mkwe, anaitika, kisha anauliza habari za kazi.

Nilichojifunza: kabla hujatengeneza kitu, hakikisha kwanza kimeharibika. Na mwenye shamba anaona usichokiona. Halafu msiige mambo ya bunduki, sheria ipo, na mimi nilibahatika.

Sasa dada yake mama mkwe, yuko Bombo, amesikia habari. Anataka chake, chenye mlio uleule. Siku ya nne leo nachanja mipira. Urefu naupata, unene naupata, ile ya kupanda mwishoni inagoma.

Mwenye ujuzi atiririke hapo chini.