Filtri Niliyoikaza Mwenyewe

Nikiwa kijana nilibeba magunia bandarini, hapa hapa Bujumbura. Asubuhi moja tukafika tukakuta kiboko amesimama katikati ya uwanja, kati ya meli ya saruji na ghala, anakula majani yaliyoota kwenye nyufa. Anakula taratibu, kama mtu aliyealikwa. Sisi wapakuaji tukapanda wote juu ya magunia, tukakaa. Kapita wetu, yaani msimamizi, alikuwa mlangoni mwa ofisi na karatasi zake, anapiga kelele: "Meli inarudi Kigoma leo! Mupite pembeni, ule ni munyama tu!" Mwenzetu mmoja akamjibu kutoka kule juu, "Kapita, pita we kwanza, sisi tutakanyaga mule utakanyaga." Tulicheka mpaka gunia moja likapasuka.

Kiboko akamaliza majani yake, akajisaidia pale pale, akarudi ziwani bila haraka. Nusu ya siku ilikuwa imekwisha.

Msinitafutie maana ya kiboko, hana maana yoyote. Ila kwa sababu yake tulikaa bure, na kwa sababu tulikaa bure, mwenye teksi mmoja aliyezimikiwa na gari nje ya geti akatuona akatuita tumsukume. Wenzangu wakasema wamechoka. Wamechokeshwa na nini, sijui. Mimi nikashuka. Nilisukuma na abiria wake, bwana mmoja wa suti na tai, mpaka injini ikakohoa ikawaka. Yule mwenye teksi akapenda mgongo wangu. Akanichukua kuosha gari, baadaye kufunga na kufungua vyuma, baadaye kuendesha. Shuleni nilikaa miaka mitatu tu, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya humu, iacheni ikae. Lakini gari nilisoma mpaka mwisho wa kitabu.

Yule mwenye teksi ndiye aliyenifundisha vidanji. Sisi huku ndivyo tunavyoita kazi ya kumwaga oili nzee ya injini na kutia mpya. Ukifanya vidanji unabadilisha na filtri, kile kikopo kidogo kinachochuja oili, kinafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Alikuwa anasema, "Ipake oili mdomoni, ile mpira yake, halafu kaza kwa mkono. Mkono tu. Ukigusa funguo nitakukata kidole." Nilimsikiliza miaka mingi. Siku moja sikumsikiliza, na ndiyo habari yenyewe.

Niliendesha teksi ya wengine, halafu ya kwangu. Ni gari ndogo nyeupe, mlango mmoja ni wa bluu. Imebeba maharusi, imebeba akina mama waliokuwa karibu kuzaa, na mmoja alizaa kiti cha nyuma kabla hatujafika, nikaosha kiti siku tatu. Mke wangu aliipenda kuliko mimi nilivyoipenda. Alipofariki nikabaki na nyumba ya kupanga na gari, nyumba ikanishinda, nikabaki na gari. Binti yangu akasema njoo mtaani kwetu Cibitoke, tuna chumba nyuma.

Nitasema jambo hili wazi maana wengine watalificha. Kwetu mwanamume hahamii kwa mkwe wake. Binti akishaolewa unamtembelea, unakaa kwenye kiti kizuri, unakunywa, unarudi kwako. Mimi nilihamia. Nilikula chakula cha mkwe wangu mwaka mzima na nusu, na kila tonge lilikuwa na macho. Si kwamba alinitukana. Apana. Mkwe wangu ni mtu wa heshima, wa ofisi, anaongea polepole. Akiingia uwanjani anakohoa kwanza ili nijiweke sawa.

Gari ikasimama uwanjani kwake. Kwanza petroli ilikosekana mjini, mnajua wenyewe zile foleni, halafu mimi nikaugua, halafu ikazoea kusimama. Kuku wakalala chini yake. Jumatatu moja baada ya kula, mkwe wangu akaniambia, akitazama ukuta, "Papa, kuna mutu anakata magari mazee anauza vyuma. Nimeongea naye. Hii gari inakula nafasi."

Nikasema gari ni nzima.

Akasema, "Kama ni nzima, Jumamosi itembee. Ikitembea, inabaki. Isipotembea, ule mutu anakuja saa sita anaibeba." Binti yangu alikuwepo, majirani wawili walikuwepo. Wote walisikia.

Nikanunua oili, nikanunua filtri mpya, nikatafuta kibidoni cha petroli iliyovuka kutoka Congo. Jumamosi asubuhi nikaweka kriki, yaani jeki, nikapandisha mbele, nikapanga mawe mazito chini maana kriki peke yake siiamini. Nikaingia chini na kaptula yangu ya zamani, kifua wazi. Nikafungua kizibo, oili ikatoka nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni, ikajaa beseni. Jirani akaja mapema kuiomba, anapaka miti ya ukuta wake mchwa wasile. Nikampa. Hapo nilikuwa naimba.

Halafu nikashika filtri. Ikakataa.

Nikazungusha kwa mkono, ikakataa. Kwa kitambaa, ikakataa. Nikaishika kwa mikono miwili, miguu nimeikaza kwenye tairi, shingo inaniuma, ikakataa kabisa kabisa. Oili ilikuwa imeshatoka na imeshapakwa kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna. Gari isiyo na oili ni jiwe.

Binti yangu akainama, akauliza, "Papa, nani alikaza hivyo?"

Nikamwambia ni fundi mmoja wa mtaa wa Jabe, mtu bure kabisa.

Nilidanganya. Nilikaza mwenyewe. Na nitawaambia kwa nini, mnicheke mkitaka. Barabara zetu za mitaani zimepangwa mawe, tunaita pave. Ukipita, gari yote inatetemeka, hata meno. Kabla gari haijasimama, kwenye vidanji vyangu vya mwisho, ikatembea habari kati ya sisi wa teksi kwamba kuna mwenzetu filtri yake ililegea kwenye pave, oili yote ikamwagika, injini ikakauka akiwa na abiria. Hakuna aliyejua jina lake wala alikaa wapi. Lakini wote tukaogopa. Wote tukachukua funguo kubwa ya bomba tukakaza filtri kama tunafunga mlango wa jela. Mimi nikakaza, nikaongeza, nikamwita mwenzangu mwenye nguvu akaongeza. Na kwa haraka sikupaka oili ile mpira, ikafungwa kavu. Kwa hiyo hapo chini nilikuwa napigana na mimi mwenyewe wa zamani, nilipokuwa na mikono.

Nikachukua turnevisi ndefu, yaani bisibisi, nikaitoboa filtri upande huu ikatokea upande wa pili, nikavuta kama mpini. Wengi hufanya hivyo. Bati likachanika kama karatasi, mabaki ya oili yakanijia usoni, yakaingia sikioni na mdomoni. Filtri ikabaki palepale, imepasuka tumbo.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mkwe wangu. Saa sita ilikuwa bado, lakini alikuja na mnunuzi wake.

Sasa fikirieni. Baba mkwe amelala chini, miguu mitupu iko nje mpaka mapajani, mbele ya mume wa binti yake. Ni aibu ambayo haina dawa. Binti yangu alikimbia, akavua kitenge cha juu alichojifunga, akanifunika miguu. Kitenge cha njano chenye samaki. Mkwe wangu akachuchumaa, akageuza uso upande wa ukuta ili asinione, akaongea na tairi.

"Papa, mwamka je?"

"Nimeamka vizuri, mukwe wangu."

"Tumemleta ule bwana mapema kidogo. Papa, mutoke, mutaumia."

"Saa sita bado."

Mnunuzi hakuwa na heshima za ukwe, yeye aliinama akachungulia moja kwa moja. Mtu mnene, ana mafuta mengi kichwani. Akanyosha mkono kunisalimia chini kule, nikampa kifundo cha mkono maana viganja vilikuwa vyeusi. Akaangalia filtri, akapiga mluzi.

"Muzee, ile umeshaiua. Sasa si gari tena, ni maiti. Toka, nilete shoka."

"Leta," nikasema. "Tutaanza na kichwa chako, tuone kama shoka ni kali."

"Aaa, muzee! Nilikuja na amani."

"Basi kaa na amani yako pale kwenye ndoo. Saa sita bado."

Akakaa kwenye ndoo kweli. Akaanza kuhesabu kwa sauti vitu vya gari yangu. Milango minne. Viti. Kioo cha mbele kizima. Anavihesabu kama mtu anayechagua nyama ya mbuzi angali anapumua. Pale ndipo hasira ilipopanda, na nikiwa na hasira kichwa changu hufanya kazi vizuri.

Bati la mwisho la filtri, pale karibu na injini, lilikuwa bado zima, duara nzuri. Nilihitaji kitu cha kulishika na kitu cha kulizungusha. Nikamwita binti yangu. "Mama, lete ile mpira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli." Ni ule ukanda unaokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, kila nyumba iko nao. Akaleta. "Lete majivu kwenye mbabura." Akaleta majivu ya jiko kwenye kifuniko cha sufuria. "Na mchi wa sombe."

Hapo akasimama. Alikuwa ametoka kutwanga majani ya muhogo, mchi ulikuwa bado wa kijani. "Papa, mchi wa jikoni?"

Mnunuzi akacheka mpaka ndoo ikalia. "Muzee anataka kutupikia filtri!"

"Lete, mama. Ule mfupi."

Nikalipaka lile duara majivu, na mikono pia, mpaka oili ikakauka na kukwaruza. Nikazungusha mpira mara nne, nikiuvuta kila mzunguko, mwisho wake nikaufunga kwenye mchi. Nikausukuma mchi uelekee nje, upande wa mbele wa gari, ili niuvute kwa kifua na siyo kwa kiganja. Nikavuta. Mpira ukanyooka, ukalia. Nikavuta tena. Kitu kikalia begani kwangu, nikadhani ni mfupa umekatika, kumbe ni kiungo tu, mwili wa mzee una milio mingi. Nikasema maneno ambayo baba mkwe hasemi. Mkwe wangu akahamia mbali kidogo, kwa heshima.

Mara ya tatu ikatoa sauti. *Krii.* Sauti ndogo, kama mlango wa kabati. Nikavuta tena, ikaja nusu ya duara, nikaifungua kwa vidole, ikaniangukia kifuani na tope lake lote.

Sikutoka. Nilipaka oili mpya mdomoni mwa filtri mpya, taratibu, kidole kikizunguka, nikaikaza kwa mkono. Mkono tu. Nikafunga kizibo. Halafu nikajifunga kile kitenge chenye samaki kiunoni, nikatoka, nikasimama mbele yao wote nikiwa mweusi kama sufuria. Nikatia oili. Nikatia petroli. Betri nilikuwa nimeshaichajisha kwa jirani yule wa mchwa.

Mara ya kwanza haikuwaka. Mnunuzi akasema, "Eeeh." Mara ya pili ikawaka, taa nyekundu ya oili ikazimika, kuku wakaruka. Niliingia chini kuangalia tena. Kavu. Hata tone. Nikatoa mawe, nikashusha kriki, nikaipeleka mbele hatua nne, nikairudisha nyuma hatua nne, maana uwanja ni mdogo.

"Mukwe wangu," nikasema, "imetembea."

Alitazama ukuta. Akajikuna mkono. "Papa, mumefanya kazi, tunashukuru sana. Lakini ule bwana nilishamupa neno langu. Ameshapata na mutu wa kununua milango."

"Jumatatu ulisema nini?"

"Nilisema, ndiyo."

"Ulisema mbele ya watu."

"Papa, munakaa kwangu," akasema polepole, kwa ile sauti yake ya ofisi. "Munakula kwangu. Hata hii gari imelala kwangu. Ya kwangu nisiamue mimi?"

Mnunuzi akainuka kwenye ndoo akajifuta suruali. Akafungua mlango wa bluu, akaufunga, akaufungua tena, kusikia kama bawaba ni nzuri.

Nilikuwa na maneno mengi. Kwanza nilitaka kumwambia chumba chake cha nyuma kinavuja. Nilitaka kumwambia binti yangu alikulia kwenye kiti cha nyuma cha gari hiyo, na ada zake za shule zilitoka humo, bila hizo mtu wa ofisi kama yeye asingemwona. Badala yake niliingia chumbani, nikachukua shati, koti, picha ya mke wangu. Vingine havikuwa vyangu, au vilikuwa vyangu lakini havifai. Nikamwondoa mnunuzi mlangoni kwa kiwiko, naye akapisha, nadhani aliogopa nitachafua koti lake.

Nikakaa kwenye usukani. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, hata vijana wa magari mapya wangesimama kusikiliza.

"Mama," nikamwambia binti yangu, "nifungulie geti."

Alimtazama mume wake, akanitazama mimi. Geti lile ni la bati, zito, linakwaruza chini. Alilifungua lote, pande mbili, na akasimama amelishika upepo usilirudishe.

"Papa, na kitenge changu?" akasema. Alikuwa anacheka na analia.

"Nitakununulia kingine."

Mkwe wangu aliita mara moja, "Papa!" Nikatoka, nikaingia kwenye pave, mawe yakaanza kunitikisa meno, nikakata kushoto kuelekea Jabe, kwa wenzangu wa teksi. Binti yangu ananitembelea Jumapili. Mimi kule sijarudi.