Mama Asikatwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo najikuta nimesimama katikati ya chumba, nisijue nilikuwa nafuata nini. Ni siku niliyoipeleka kanda ya video ya familia yetu Meru mjini ili ihamishiwe kwenye diski. Nitakusimulia polepole, maana hata mimi nikiharakisha napotea.

Kanda ile ilichukuliwa kwetu Gachoka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, siku ya ibada ya shukrani ya nyanya yangu, mama yake baba. Nyanya alikuwa ameugua akapona. Baba akaalika kanisa zima, akachinja mbuzi, akamleta mpiga video kutoka Embu. Zilikuwa saa tatu nzima za watu kuomba, kuimba, kula na kusogeza viti. Nyanya alifariki mwaka uliofuata, na kanda ikabaki kabatini chini ya albamu ya picha. Joto la kwetu unalijua. Picha ziligandamana na plastiki zake, na kanda ikaanza kutafunwa na kila deki ya video ilimotiwa. Kila ilipochezwa, kuna uso uliogeuka mistari na haukurudi tena.

Miaka hiyo ilipokaribia kwisha, tulisikia kwamba Meru kuna fundi mwenye kompyuta inayoweza kunakili kanda na picha kwenye kisahani kinachong'aa, nazo zikakaa humo bila kuliwa na joto wala mchwa. Mama yetu alikuwa ameshatutoka, na nyumba ilikuwa na sisi watatu tu: baba, dada yake mkubwa tuliyemwita Shangazi, na mimi Wanja, mwalimu mchanga wa shule ya msingi. Kisha asubuhi moja, akiwa anafunga kamba mlango wa zizi la mbuzi, baba aliniambia bila kuniangalia:

"Peleka hiyo kanda. Nafasi ikiwa ndogo, wakate vingine vyote. Lakini mama asikatwe."

"Sawa, baba."

Hayo tu. Akaendelea na kamba yake.

Fundi wa Meru aliitwa Kinoti, kijana mnene, mcheshi, aliyeongea akiwa ameshika bisibisi mdomoni. Alianza na picha. Aliziweka moja moja kwenye mashine yake, kioo kikamulika, na mimi nikawa nataja majina ili ayaandike chini yake.

"Huyu?"

"Njeru."

"Na huyu wa kofia?"

"Njeru."

"Haya. Na huyu mtoto analia?"

"Pia ni Njeru."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Dada, nyinyi watu wa Embu mliishiwa na majina? Hapa kompyuta itadhani ni mtu mmoja anazeeka na kurudi utotoni."

Nilicheka, nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba yake baba, na wa kwanza wa kike jina la mama yake baba, hivyo majina yanazunguka na hayaishi. Nilimweleza vizuri sana, kama ninavyoeleza darasani. Ajabu ni kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwangu na sikio langu mwenyewe halikuyasikia.

Tukafika kwenye kanda. Kinoti aliigeuza, akainusa, akatikisa kichwa.

"Kanda ni saa tatu. Diski inabeba saa moja na kidogo, na nimebaki na moja tupu. Zingine zinangojewa kutoka Nairobi, usiniulize lini. Na hii yako imechoka, naweza kuipitisha mara moja tu. Sasa sikia. Nikibonyeza hapa, inashika. Nikiachilia, inapita bure. Nishike nini?"

"Mama asikatwe," nikasema, kwa maneno yale yale ya baba.

"Mama gani? Mimi hapa naona kanisa lote ni akina mama."

"Mama ya baba. Yule nyanya wa kitambaa cheupe."

Akaanza. Nyanya akatokea, mdogo kama ndege kwenye kiti kikubwa cha mchungaji. Na pembeni yake, akimtengenezea shuka, akimfuta mdomo, akimnong'oneza hadi nyanya anacheka kwa ufizi mtupu, alikuwapo msichana mrefu wa gauni la manjano.

"Na huyu wa manjano? Ako kila mahali. Ni nani?"

"Dada yangu, Rwamba."

"Nimshike?"

Hapo, mwanangu, nilichanganyikiwa. Rwamba hakuwa akitajwa kwetu. Baada ya nyanya kuzikwa alikwenda kuishi na mwanamume wa Mitunguu kabla wazee wa upande ule hawajakanyaga kwa baba kuposa, na baba akamkataza kurudi, akaapa mbele ya watu kwamba jina hilo halitatoka tena kinywani mwake. Mimi na Shangazi tulilimeza pia, kwa heshima, kwa woga, sijui. Sasa huyu hapa, anang'aa kwenye kioo cha fundi, na kidole cha fundi kinaningoja.

"Akiwa na nyanya, mshike," nilisema. "Akiwa peke yake, achilia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alipofika mahali Rwamba anasimama mbele kuongoza wimbo, Kinoti aliachilia kidole, na wimbo wote ukapita bure. Muda mfupi baadaye deki ikakoroma, ikameza utepe, na Kinoti alipofungua kifuniko alivuta vipande kama nyuzi za muwa uliotafunwa.

"Pole, dada. Imekwenda. Lakini nyanya yako amebaki."

Nilirudi Gachoka nikiwa nimeikumbatia diski kama yai.

Kituoni palikuwa na hoteli moja yenye televisheni na mashine ya diski, na mwenyewe alitukubalia tuitumie wakati wateja ni wachache. Baba alivaa koti. Shangazi alijifunga leso mpya, akaketi mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Picha zikapita, akina Njeru wote, kisha nyanya akatokea na Shangazi akapiga kigelegele kilichowashtua watu wa chai. Baba aliinama mbele, viwiko juu ya magoti. Hakutabasamu. Alikuwa kama mtu anayesubiri gari kwenye barabara yenye vumbi.

Rwamba akajitokeza mbele ya watu. Akafungua mdomo kuanzisha wimbo. Picha ikaruka, tukamwona nyanya anakula.

"Imeruka," baba akasema.

"Nafasi ilikuwa ndogo, baba."

"Na mama?"

"Si huyo, baba? Si huyo anakula?"

Aliangalia kioo, akaniangalia mimi, kana kwamba nimemjibu kwa lugha ya nchi nyingine. "Ni yeye," alisema. "Ni yeye pia." Ilipokwisha akavaa kofia, akasema anakwenda kununua chumvi, na alirudi nyumbani bila chumvi.

Mimi sikuelewa. Nilijiuliza kama ni sauti iliyokuwa mbaya, au kama ni uchungu wa kumwona marehemu akitafuna. Shangazi ndiye aliyenifuata jikoni akiwa bado na leso yake mpya.

"Wanja, wewe ni mwalimu au ni kiti?"

"Nimefanya nini, Shangazi?"

"Baba yako alikuomba usimkate nani?"

"Mama yake. Na sikumkata!"

"Mama yake amelala hapo nyuma ya nyumba, nani anaweza kumkata? Nyanya yako aliitwa nani?"

"Rwamba."

"Na dada yako?"

"Rwamba."

"Na kabla hajafukuzwa, baba yenu alikuwa anamwitaje?"

Ndipo sauti zikanirudia, kama redio iliyopata stesheni. Mama, niletee maji ya kunawa. Mama, leo mmesoma nini? Mama, njoo uone mbuzi amezaa mapacha. Kwetu, mtu aliyepewa jina la mama yako ni mama yako, hata kama ni wewe uliyemzaa na anatambaa sakafuni. Mimi nilipewa jina la mama yake mama, kwa hiyo baba aliniita mamamkwe, na aliponikasirikia alishindwa kunichapa, maana mamamkwe hachapwi. Tulikua hivyo, yeye mama, mimi mamamkwe, tukicheka. Lakini tangu Rwamba aondoke, neno lile lilikuwa limerudi kwa marehemu peke yake, na sisi tukazoea.

"Kwa nini hakusema Rwamba basi?"

"Atasemaje, na aliapa? Ametafuta mlango wa nyuma apitie. Na wewe umemfungia na huo."

Usidhani nilitulia baada ya hapo. Nilizidi kuvurugika. Je, kama Shangazi amekosea? Je, kama baba alimtaka mama yake tu, na sisi tunamzulia? Nikimuuliza akasema hapana, Rwamba atakuwa amefukuzwa mara ya pili. Akisema ndiyo, nitamwonyesha nini? Wimbo ulikuwa vipande kwenye pipa la taka la Kinoti. Nilikaa hivyo siku kadhaa, nikikosea hata hesabu za watoto ubaoni, mpaka nikaona kitu ambacho mtu mwingine angekiona mapema: kwamba picha imepotea, lakini mwenye picha yuko Mitunguu.

Nilimkuta shambani katikati ya migomba, amevaa gambuti za mpira, anafungulia migomba maji ya mfereji, maana zamu ilikuwa yake. Aliponiona, jembe likamponyoka.

"Wanja! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Usinifiche. Ni baba?"

"Ni mzima. Anafunga mbuzi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Nikamweleza yote, kanda, diski, hoteli, leso ya Shangazi. Alisikiliza huku maji yakimzunguka miguuni.

"Alitaja jina langu?"

"Alisema mama asikatwe."

"Mama gani?"

Lile swali la Kinoti! Na bado sikuwa na jibu. "Sijui, dada. Shangazi anasema ni wewe. Mimi sijui."

Alianza kucheka, kisha hakuwa anacheka. "Yaani umetoka Gachoka mpaka hapa kuniletea neno, na hujui ni la nani?"

"Ndiyo."

Akafunga maji yake kabla zamu haijaisha, jambo ambalo mkulima wa Mitunguu halifanyi, akaenda kunawa miguu.

Tulimkuta baba zizini. Shangazi alijificha jikoni akichungulia kwenye ufa. Rwamba alisimama karibu na lango, hakulivuka. Baba alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Hayo maji ya Mitunguu bado yanafika mashambani?"

"Yanafika, baba."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi. Ila tunagombania zamu."

"Basi ingia uketi. Unasimama hapo kama mtu wa kuhesabu watu."

Akaingia. Walizungumza habari za maji mpaka chai ikapoa: mifereji, mabomba, jirani anayeiba zamu. Hakuna aliyetaja kiapo. Lakini kabla jua halijaegemea, baba alikuwa ameshamwagiza Rwamba amwambie mumewe awalete wazee wake mvua zikiisha, tena waje na shibe, maana yeye hapiki.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wawili tu, nilipata ujasiri. "Baba, siku ile ya kanda ulimaanisha mama yupi?"

Alinishangaa. "Nilimaanisha mama," akasema, kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

Basi, mwanangu, mpaka nimekuwa na mvi hizi sijui. Ninachojua ndicho ninachokupa. Siku hizi mnahamisha picha kutoka hapa kwenda pale kwa kidole kimoja, na kwa kidole hicho hicho mnafuta. Kabla hujafuta mtu, uliza. Mzee akikupa neno lenye watu wawili ndani yake, usimchague yule aliye rahisi kwako. Rudi umuulize, hata kama unaogopa uso wake. Na wewe ukiwa na mtu moyoni uliyekosana naye, usimwache fundi wa mbali aamue kama atabaki au atapita bure. Mwite. Ukishindwa kumwita, mwendee shambani kwake umuulize habari za maji.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe watu wa kukuita kila jioni, na siku utakapokuwa mbali, asikosekane nyumbani mtu wa kusema huyu asikatwe.