Ekseli Niliyoichomelea Ijumaa

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Ukunda, na kazi yangu kubwa ni magari ya fowili, yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne na kupita mahali ambapo kuiita njia barabara ni ukarimu. Gari likija, kwanza nalala chini yake nitazame ekseli ya nyuma. Kasha lake, lile gamba la chuma lenye tumbo katikati na mikono miwili inayofika kwenye magurudumu, ndilo linalobeba mzigo wote. Likiwa dhaifu, nalichomelea mabamba juu na chini lipate nguvu.

Kazi hiyo haitaki pupa. Unachoma urefu wa vidole viwili, unahamia upande wa pili, unangoja mpaka chuma kikubali kiganja chako, ndipo unarudi. Ukikimbiza moto upande mmoja, kasha linapinda. Nilikuwa nikiwahubiria wenzangu maneno hayo gereji nzima mpaka wakanichoka.

Ijumaa moja asubuhi alikuja mama mmoja anayekaa bara, kupita Kinango, njia ya kwenda Mackinnon Road. Yeye huchota maji Kwale na kuyapeleka kwao kwenye ukame, madumu nyuma ya gari, watu juu ya madumu. Alitaka ekseli iimarishwe. Nikamwambia ataondoka na gari lake siku hiyo hiyo. Hakuwa ameniomba hivyo. Zilikuwa sifa zangu tu.

Adhana ilipokaribia, kanzu yangu ilikuwa msumarini, imepigwa pasi, na bamba la chini bado halijashikwa. Nami nina ugonjwa wangu: Ijumaa sharti niwe safu ya mbele, nionekane. Nikauburuta moto kutoka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Chuma kikawa chekundu, hakigusiki, nikachukua ndoo ya maji nikakimwagia. Kikalia chwaa! Hata anayeanza kazi leo anajua kwamba chuma kikipozwa hivyo hubaki kama kigae, tayari kupasuka. Nikafunika kazi kwa rangi nyeusi, nikaoga, nikawahi. Safu ya mbele niliipata. Hotuba siikumbuki hata neno moja.

Wiki ya tatu gari lilirudi juu ya lori. Mama alishuka vumbi tupu, mtandio kaufunga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi. Kazi yako nzuri nimeiharibu mimi. Nilipakia kupita kiasi, ikavunjika katikati ya safari. Maji yote tuliyamwaga ili gari liinuke."

Nikaingia chini ya gari. Ufa ulifuata ukingo wa mshono wangu wa chini, umenyooka kama mstari wa rula. Uzito wa madumu peke yake haupasui hivyo. Nililala pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu nikitoka ingebidi niseme. Nilipotoka, nilisema hivi: "Haidhuru, mama. Siku nyingine usizidishe."

"Sitarudia, mwanangu. Nisamehe."

Nami nikamsamehe. Hata leo nikilikumbuka neno hilo masikio yananiwaka moto.

Safari hii nilifanya kazi ya haki. Nilibandua kila kitu, nikalinyoosha kasha kwa jeki, nikachoma vidole viwili viwili, nikafukia mishono kwa mchanga mkavu ipoe yenyewe. Ilinichukua siku tatu. Ekseli ile sasa ungeweza kuipakia kisima na kamba yake.

Miezi kadhaa baadaye, kiangazi kimekaza, nilikuwa Kwale natafuta usafiri wa kwenda mazikoni Kinango. Mama aliniona, akasimamisha gari na kunipisha kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Nikageuka kutazama nyuma. Madumu yalikuwa machache, yamepangwa safu moja, na nusu ya sakafu ilikuwa tupu.

Njiani mwanamke mmoja alitupungia mkono, madumu manne miguuni, mtoto mgongoni. Mama akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Nisamehe, dada yangu, siwezi kuzidisha. Fundi alinikataza. Naye ndiye huyu hapa."

Yule mwanamke akainama kunitazama kupitia dirisha. Sikuona hasira usoni mwake.

"Haya basi, kama fundi amesema," akajibu. "Ahsante, fundi."

Ningesema kwamba kosa lilikuwa la moto wangu, angepanda. Lakini mama alikuwa kando yangu, akinitazama kwa fahari, nami nikaona aibu ya kumwambia mbele ya watu ni kubwa mno. Nikaitikia kwa kichwa. Gari likaondoka, nami nikamtazama yule mwanamke kwenye kioo cha pembeni, akijitwisha dumu la kwanza. Yote manne yangeenea garini.