Nilivyojifunza Kuipigia Kinanda Filamu Bubu

Siku ya kwanza kazini niliingia ukumbi wa Magongo na kinanda changu begani, najiona bingwa. Mtu aliyepiga taarabu harusini maisha yake yote, filamu bubu ya Jumamosi alasiri itamshinda nini? Mkuu wa Ukumbi, bwana wa bara asiyecheka ovyo, akaniambia, "Mzee Salimu, macho kwenye picha. Mtu akikimbia, kimbia naye. Akilia, mngoje."

Nyinyi vijana mwadhani ni kubonyeza tu. Thubutu! Filamu waitazama kwanza mara tatu nne, waigawa vipande, kila kipande wakitungia tuni yake. Katikati watia kiungo, yaani sauti chache za kumtoa mtazamaji sebuleni hadi barabarani asishtuke.

Mimi kwa uvivu sikutunga. Mume wa kwenye filamu alipoingia nyumbani na mwanamke mwingine, nikapiga wimbo wa vijembe uliovuma harusini, wa kumcheka mke aliyeletewa mwenza. Ukumbi mzima ukaudaka na maneno yake, vigelegele juu. Bi Mwanajuma, muuza mahamri, akainuka akatoka analia. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili juma lile lile. Wallahi sikujua!

Mkuu akaniita. "Umemwimba yule mama mbele ya watu."

"Sikufungua kinywa, bwana."

"Huku kwenu kinanda kina kinywa. Kamwombe radhi. Asiporudi yeye, nawe usirudi."

Nikaenda. Akanijibu huku akikanda unga, "Umenifanya kichekesho, Mzee Salimu. Nenda zako." Niliona haya, na kazi nilikuwa nimeshaipenda. Nikajifungia, nikatunga tuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, nikamrudia. "Mwanangu, njoo usikilize. Ikikuudhi, kinanda naweka chini."

Jumamosi filamu ile ile ikarudiwa, naye akaja, akaketi karibu na mlango. Mume alipoingia na yule mwanamke, nikapiga polepole. Watu hawakuwa na la kuimba, wakatazama. Bi Mwanajuma akakaa hadi mwisho, na Mkuu akanibakisha kazini.

Tangu hapo kila filamu niliitungia yake. Mkuu alihamishwa, wakaja wengine wawili, nami nikabaki mpaka vidole vilipoanza kukakamaa. Alhamdulillahi, nimestaafu nimeridhika.

Siku ya kuniaga niliombwa nipige chochote. Nikapiga ile ya mume na yule mwanamke. Mara Bi Mwanajuma akasimama akaiimba, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, beti tatu za mambo yaliyomfika. Nikampigia taratibu, nikimngoja kila alipovuta pumzi. Ukumbi mzima ulimsikiliza.