Ndege Ilipogeuka Kuja Kwetu

Nakumbuka asubuhi moja pale Msambweni, mwanangu, umande haujakauka, na mimi nimeshika mikononi kitu ambacho sikuwahi kukishika maishani. Hebu wacha kukunja nguo kidogo, ukae. Shule ya Kinango haitakukimbia, na ualimu wako unaanza kesho, si leo.

Mjomba wangu Hamisi, ndugu yake mama, alikuwa fundi wa redio. Mgeni mmoja wa hoteli kule Galu, aliyezoea kumletea redio yake, alimwachia siku ya kurudi kwao rimoti ya kuongozea ndege ndogo za mfano, pamoja na injini ya ndege ya namna hiyo. Ndege yenyewe Mjomba aliichonga kwa mbao za msufi, akaivika karatasi ya tiara, akaipaka rangi nyekundu. Ilimchukua muda mrefu, maana macho yake yalikuwa yanakwenda. Daktari alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba giza linakuja na dawa hakuna. Cha karibu alikuwa bado akikiona, lakini cha mbali kilikuwa ukungu mtupu.

Basi alikuwa na haja moja tu, akanambia bila kuona haya. "Mishi, nataka niione ikiruka kabla macho hayajazimika. Mara moja inanitosha. Wewe utaiongoza, uipitishe chini, juu ya kichwa changu. Hapo nitaiona."

Mimi! Msichana niliyekuwa siwezi kupanda baiskeli bila kuingia kwenye ua wa watu!

Tulikwenda kiwanja cha mpira mapema, kabla upepo haujaamka. Mimi nilidhani tutafika na kuirusha. Wapi! Mjomba aliketi kwenye nyasi, rimoti mapajani, akaanza kuipapasa swichi moja moja. "Unawasha rimoti kwanza, ndege baadaye," aliniambia. "Ukizima, ndege ndiyo ya kwanza. Isikae macho hata kidogo bila mtu wa kuisemesha." Kisha akanisimamisha nyuma ya mkia, niangalie kule ndege inakoangalia, nisukume kijiti upande wa kulia. Kipande kidogo kilicho nyuma ya bawa la kulia kilitakiwa kinyanyuke. Kikateremka. Mjomba alikuwa ameweka kidole juu yake, akajua papo hapo. Akapapasa mgongo wa rimoti, akageuza swichi ndogo sana, tukajaribu tena, kikanyanyuka.

"Hapo tungeizika leo leo," alisema, akacheka peke yake.

Nikasema basi sasa turushe. Akanituma hadi goli la pili na rimoti yangu, eriali ikiwa imekunjwa, nichezeshe vijiti huku yeye kule ameshika mkia. Alitaka ajue kama ndege inasikia kwa mbali. Kila nikigusa, namwona ananyanyua mkono. Mwanangu, baina yetu hapakuwa na waya, hapakuwa na kamba, ni nyasi tu na hewa ya Mungu. Nagusa huku, mkia unatikisika kule chini ya vidole vyake. Subhanallah! Nywele zilinisimama. Ninyi mnatembea na simu mifukoni, hamshtuki na kitu, lakini mimi nilisimama pale golini nikitaka kulia.

Akanipigia kelele niivute eriali yote, kisha akazungusha pangaboi, injini ikaanza kulia. Akainua ndege juu ya kichwa na kukimbia nayo akiukabili upepo, mtu ambaye hakuweza kuona shimo lililo mbele yake, akairusha. Ikapanda. Allahu akbar, ilipanda! Nilisukuma kidole kidogo, hivi tu, na kule juu ya minazi kitu chekundu kikalala ubavu, kikazunguka. Mjomba alikuja kusimama kando yangu, uso ameuelekeza juu, anaifuata kwa masikio.

"Iko wapi?"

"Juu ya minazi, Mjomba. Inang'aa!"

"Basi niletee."

Nikaigeuza ituelekee, na hapo mambo yakaharibika. Ilianza kuvutika upande wangu wa kushoto, nami nikaisukuma kulia, ikazidi kwenda kushoto. Nikasukuma zaidi, ikazidi zaidi, na minazi ile pale. Nikapiga kelele, "Haisikii, Mjomba! Haisikii!"

"Inasikia," alisema, wala hakuinua sauti. "Umetazamana nayo, kwa hivyo kulia kwako ni kushoto kwake. Geuka. Ipe mgongo, itazame juu ya bega lako."

Nikipe mgongo kitu kinachokuja kunigonga? Akili ilikataa, lakini mwili ukageuka. Nikasimama nikielekea kule kule inakoelekea ndege, shingo nimeipinda, na mara kulia kukawa kulia. Nikasukuma kushoto, taratibu, ikaiacha minazi, ikanyooka. Ikapita juu yetu chini kabisa, kivuli chake kikakata uso wa Mjomba.

"Nimeiona!" Alipiga ukelele watu wakatoka majumbani. "Mishi, nimeiona yote, na mabawa yake!" Akaketi chini machozi yanamtiririka. Nami nikaanza kulia, ndege ingali angani, akanifokea, "Usilie wewe! Utaiangusha!" Ilitua kwa tumbo na mkia ukavunjika. Hakuujali. Giza lilimfika mwaka ule ule, na mpaka anazikwa alikuwa akiwaeleza watu ile rangi nyekundu.

Sasa wewe kesho unasimama mbele ya watoto. Wengine watakuja wamechoka kwa kutafuta maji, wengine hawajatia kitu tumboni. Utawaambia kulia, watakwenda kushoto, na utasema hawasikii. Juzi nilikusikia ukimfokea mdogo wako hivyo hivyo kwa ajili ya hesabu. Alikuwa anasikia, mwanangu. Mlitazamana. Kwa hivyo ukiona unazidi kusukuma na mtoto anazidi kupotea, acha kusukuma. Ondoka pale ubaoni, kasimame nyuma ya dawati lake, uone anachokiona yeye. Ndipo umwelekeze, na kwa kidole kidogo.

Haya, funga begi. Mwenyezi Mungu akufungulie milango, akupe subira na sauti ya upole. Na siku mmoja wao atakapopaa juu ya kichwa chako, akujaalie macho ya kumwona. Amin.