Violeth Anakosolewa, Kornelia Anasifiwa

Kornelia hakuwa mtu wa kuonea watu wivu wa nguo wala simu. Mwenzake akivaa viatu vipya, alimsifu kwa moyo mweupe. Alichomwonea Violeth wivu ni kitu ambacho watu wenye akili zao hukikimbia: kukosolewa.

Wote wawili walikuwa wanafunzi wa uchoraji katika kituo kidogo cha kutengeneza vitabu vya watoto pale Haydom, chini ya mwalimu Clement. Kornelia alitoka kijiji cha Hirbadaw, na tangu darasa la tatu alikuwa akiitwa kuchora ramani kwenye kuta za shule. Violeth alikuwa mtoto wa palepale Haydom, na michoro yake ilionekana kama kuku amepekua majivu. Muhula huo walipewa hadithi ya dada wawili: mmoja anakwenda sekondari ya bweni, mwingine anabaki na mifugo. Kitabu kingepewa mchoraji mmoja tu, na jina lake lingekaa kwenye jalada. Kornelia alilitaka jalada hilo mpaka akakonda.

Mwalimu Clement alikuwa na utaratibu wake. Kwa kila ukurasa chora rafu sita, yaani michoro ya haraka isiyosafishwa, zipeleke mnadani, kwenye soko la wazi, waonyeshe watu, ufunge mdomo. "Kitabu kikifika kwa watu wewe hutakuwepo kuwaeleza," alisema.

Siku ya mnada walianzia kwa Mama Tluway, muuza vitunguu saumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Leteni tuone."

Alitazama rafu za Kornelia, akaitikia kwa kichwa, kwa upole. "Nzuri sana. Unajua kuchora, mwanangu." Akampa jirani yake, naye akasema nzuri, zikarudi. Ndipo zikaja za Violeth.

"Huyu anakwenda bweni bila tranka? Atalalia nini, atakula nini?"

"Na huyu aliyebaki, ng'ombe wake wako wapi? Amewapoteza! Leo atachapwa."

"Hajapoteza, amewaacha makusudi. Amekasirika huyo."

Wakabishana mpaka mteja akaondoka na pesa yake. Violeth alikuwa anacheka na kuandika pembeni mwa karatasi, huku Kornelia amesimama na sifa zake mkononi.

"Wanakusema hivyo na wewe unacheka," alimwambia njiani.

"Si wananisaidia? Wewe wamekusifia. Hongera, dada."

Violeth aliisema hongera hiyo kwa dhati, na ndiyo iliyomchoma mwenzake zaidi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kornelia alikuwa anachora kwanza mchoro mmoja safi, anaurembesha weee, halafu ndipo anatengeneza rafu za kusingizia na kuzichafua kwa kidole. Mwalimu hakudanganyika.

"Rafu zako zimeoga, Kornelia. Huyu dada aliyebaki analia machozi yaliyopanga foleni. Wewe hujawahi kuachwa nyuma?"

Alitaka kumjibu: ninaachwa sasa hivi, mwalimu, huoni? Badala yake alikwenda kukaa nyuma ya darasa, akavuta karatasi, na kwa hasira ile ile akaanza kuchora bila kugusa raba. Yule anayeondoka alimchora kwa mgongo: shingo nyembamba, nywele zimesukwa twende kilioni, mistari ikishukia kisogoni, tranka kichwani. Aliyebaki hakumpa chozi hata moja. Alimpa mdomo uliokazwa na jicho la pembeni, na mkono uliovuta kamba ya ndama mpaka ndama akapinda shingo. Alichora sita za namna hiyo, mbayambaya zote.

Mnada uliofuata, Mama Tluway hakusema nzuri.

"We mtoto, ndama utamnyonga!"

"Mkono gani huu? Mrefu kama wa nyani."

"Mimi huyu simpendi," akasema Mama Tluway, karatasi ameisogeza karibu na macho. "Ana wivu. Anaomba gari la mwenzake liharibike njiani." Akaisogeza mbali, akaitazama tena. "Lakini namhurumia, jamani. Sijui kwa nini namhurumia."

Kornelia aliandika mkono mrefu, akaandika ndama, na furaha ilimjaa mpaka herufi zikapinda. Hata lile neno nyani lilikuwa tamu masikioni mwake. Alimtazama Violeth aone kama sasa ni zamu yake kuona wivu, lakini Violeth alikuwa anasaidia kuokota vitunguu vilivyodondoka.

Kituoni mwalimu Clement alizitandaza rafu za wote mezani, akazunguka mara kadhaa, kisha akaweka kidole juu ya yule dada mwenye kamba. "Kitabu ni cha Kornelia," alisema. "Rekebisha mkono. Jicho hili usiliguse." Akatoka kwenda kupiga simu.

Violeth akasogea. Aliinua karatasi, akamtazama yule anayeondoka, kisha taratibu akapeleka mkono kisogoni kwake, akapapasa misuko yake mstari mmoja mmoja.

"Huyu ni mimi."

Kisha akaweka kidole kwa yule mwenye kamba.

"Na huyu mwingine," Violeth akauliza, "ndivyo unavyoniangalia?"

"Ndiyo," Kornelia akasema.

Violeth aliirudisha karatasi mezani vizuri, bila kuikunja. Tangu siku hiyo wanatoka darasani pamoja kama zamani, wanasalimiana, wanagawana mahindi ya kuchoma. Ila wakifika mlangoni, Violeth husimama pembeni na kumwacha Kornelia atangulie, asimpe tena mgongo.