Goti lililokaribia kunirudisha Muleba, na jinsi lilivyopona bila kutobolewa

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi, na ninyi wa imani nyingine nawasalimu kwa heshima. Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, naandika polepole kwa kidole kimoja. Sitaongeza chumvi, Mungu aliyeniponya ananiona.

Nimeona humu watu wanauliza kuhusu bursitis ya goti, ule uvimbe wa majimaji. Mimi niliipata nikiwa omugole, yaani bibi harusi mpya, miaka michache kabla ya Uhuru, Mwingereza bado anatawala.

Nilitoka Muleba nikaolewa Ijuganyondo. Mume wangu alikuwa karani mjini Bukoba, akirudi Jumamosi. Wiki nzima nilibaki na mama mkwe na wifi.

Kazi yangu ilikuwa kupalilia maharage kibanjani. Chini ya migomba hatukutumia jembe, lingekata mizizi. Tulipiga magoti, tukang'oa magugu kwa mikono. Jioni unapiga magoti tena kumsalimu kila mkubwa anayeingia. Kwetu Wahaya mke hakusalimu wakubwa akiwa amesimama.

Msimu haujaisha, goti la kulia likavimba mbele, laini kama yai chini ya ngozi.

Hapo nikakosea. Nililificha, nikiogopa watasema wameletewa mgonjwa. Nililifunga kitambaa kwa nguvu, nikalikanda kwa maji ya moto, nikaendelea kupalilia. Likazidi kujaa. Mwishowe nikawa nikisikia hodi nakimbilia jikoni.

Wifi akasema mbele ya wageni, "Huyu wa Muleba kasoma, magoti yake yamekuwa ya Kizungu."

Wageni walicheka. Mama mkwe hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Jumamosi nikamsikia akimwambia mume wangu, "Mke asiyesalimu wazazi, afadhali akapumzike kwao kwanza."

Nilijua maana yake. Nilizunguka kibanjani huku na huku nikiomba, nikisahau nilichoomba, nikianza upya.

Kesho yake, baada ya ibada, akaja baba mkubwa wa mume wangu. Nikapiga magoti yote mawili, nikasalimu vizuri. Kunyanyuka nikashindwa. Mama mkwe akanishika kwapani, akaona kitambaa.

"Tangu lini?"

"Tangu maharage, mae," nikamjibu, yaani mama.

"Ulikuwa unanificha mimi, au unamficha Mungu?"

Jumatatu akanipeleka mwenyewe kwa dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati. Dresa akalipapasa goti: halikuwa jekundu wala la moto, na sikuwa na homa. Akasema mbele ya mfupa kuna kifuko cha majimaji, nacho kimesuguliwa mno. Akakataza kulitoboa wala kulichanja. Nisipige magoti, niweke kitambaa cha maji baridi, nikikaa niinue mguu.

Likianza kushuka, ninyooshe mguu, nikaze paja, niinue kisigino kidogo, nihesabu tano, nishushe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Likipata moto au nikipata homa, nirudi siku hiyo hiyo.

Sasa wakuu, kuwanyooshea wakubwa miguu ilikuwa aibu kubwa kuliko kutopiga magoti. Kila nikianza zoezi nasikia hodi, naukunja mguu, maumivu yanarudi. Wiki mbili zikapita hivyo.

Jioni moja wageni wakanikuta katikati ya zoezi. Kabla sijaukunja, mama mkwe akaketi mkekani kando yangu, akanyoosha miguu yake yote miwili kuwaelekea.

"Inua," akaniambia, akainua na wa kwake. "Leo tunasalimu hivi. Anayeona vibaya aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Tulihesabu pamoja mpaka kumi, na habari ya mimi kwenda kupumzika kwetu sikuisikia tena. Baada ya kama miezi miwili goti lilikuwa sawa.

Uzeeni nilikutana na physio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akanipa lile jina la bursitis na karibu maagizo yale yale. Akaongeza kuweka kitu laini chini ya goti unapopalilia.

Nilichojifunza: uvimbe ukiufunika hauponi, na waliomo ndani ya nyumba wataujaza maana yao wenyewe. Onyesheni mapema, na mazoezi yafanyeni hata mbele za watu.

Aliyewahi kupona ya bega anielekeze, jirani yangu anateseka nayo. Nami nitajibu maswali, ila mnivumilie kwa kidole changu.